Dunia pepe: shamba liko kwenye simu, lakini hati anashika nani?

Katikati ya mwaka 2025, watu zaidi ya milioni 20 walikuwa wakilima kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeshika jembe. Walikuwa ndani ya mchezo uitwao Grow a Garden, unaochezwa kwa simu au kompyuta kwenye jukwaa la Roblox. Mchezaji ananunua mbegu, anapanda, anazima simu na kwenda zake. Akirudi anakuta mazao yamekua, anavuna, anauza, ananunua mbegu nyingine. Aliyeanza kuutengeneza mchezo huo ni kijana ambaye hata miaka 18 hakuwa ametimiza.

Baada ya kuizungumzia habari hiyo hewani, tulipokea ujumbe wa mama mmoja. Mwanawe amemaliza kidato cha nne na bado hajapata shughuli. Anamwomba mama wauze mbuzi wawili ili alipe "kiingilio" na kununua kiwanja cha mtandaoni kutoka kwa mtu aliyemkuta kwenye kundi la WhatsApp. Mama akauliza: "Jamani wa redioni, hiki kitu kipo kweli au ni utapeli?"

Jibu letu ni kwamba kitu kipo, na utapeli upo pia, tena vinakaa nyumba moja. Ndiyo maana tumeandika makala hii ili uisome taratibu, umsomee na jirani. Jibu la mama huyo liko mwishoni.

Dunia pepe ni nini?

Barua pepe unaijua: ni barua isiyo na karatasi. Dunia pepe nayo ni mahali pasipo na udongo. Ni eneo lililochorwa ndani ya kompyuta kubwa za kampuni, zinazoitwa seva, na watu wengi huingia humo kwa pamoja kupitia intaneti. Kila anayeingia anapata umbo la kumwakilisha, linaloitwa avata. Unaweza kulivisha nguo, kulitembeza, kuongea na wengine, kujenga nyumba, kufungua duka au kucheza.

Tofauti na mchezo wa kawaida ni mbili. Kwanza, dunia pepe inaendelea hata wewe ukizima simu. Pili, vitu vingi vilivyomo humo vimetengenezwa na watumiaji wenyewe. Kampuni inatoa uwanja na vifaa, na watu wa kawaida wanachora nguo, wanajenga majumba na kubuni michezo.

Tatu zinazotajwa sana

*Second Life.* Ilifunguliwa Juni 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani, na hadi leo ipo. Haina kushinda wala kushindwa. Watu wanaishi humo, wanajenga na kufanya biashara kwa sarafu yake iitwayo dola ya Linden. Ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Programu yake ya simu ni ya miaka ya karibuni.

*Roblox.* Ilizinduliwa mwaka 2006 na David Baszucki na Erik Cassel, na Machi 2021 kampuni yao iliingia kwenye soko la hisa la New York. Hii ndiyo utakayoikuta zaidi kwenye simu za vijana. Ndani yake kuna mamilioni ya michezo, karibu yote imetengenezwa na watumiaji. Sarafu yake inaitwa Robux.

*Minecraft.* Ilianzia Sweden, na mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni iliyoitengeneza kwa dola bilioni 2.5. Kila kitu humo hujengwa kwa matofali. Hapa Afrika Mashariki ina historia yake: tangu mwaka 2012, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, limeitumia katika mradi wa Block by Block. Moja ya maeneo ya mwanzo yalikuwa Kibera, Nairobi, ambako wakazi walitumia Minecraft kuonyesha jinsi wanavyotaka uwanja wao wa michezo uwe. Mtu asiyejua kusoma ramani ya mhandisi aliweza kuona na kusema: hapa wekeni njia, pale wekeni mabenchi. Kwa hiyo si kila kitu humo ni mchezo wa watoto au biashara ya kubahatisha.

Fedha inaingiaje, na inatokaje?

Hapa ndipo wengi huumia, kwa sababu mlango wa kuingiza fedha ni mpana na wa kutolea ni mwembamba.

Tuchukue Roblox. Kuingiza fedha ni rahisi: unanunua Robux na zinafika papo hapo. Kwa takriban dola 10 za Marekani unapata Robux 1,000 ukinunua kwenye tovuti yao, na pungufu ukinunua kupitia programu ya simu. Lakini Robux ulizonunua huwezi kuzirudisha ziwe fedha. Zinazoweza kubadilishwa ni zile tu ulizozipata kwa kuuza kitu ulichotengeneza. Nazo zina masharti: uwe na angalau miaka 13, akaunti yako iwe imethibitishwa, na uwe umefikisha Robux 30,000 za jasho lako.

Sasa piga hesabu nasi. Mchezaji ametoa dola 10, akapata Robux 1,000, akazitumia zote kununua kitu ndani ya mchezo wako. Wewe unapata asilimia 70, yaani Robux 700. Ukizibadilisha kwa bei ambayo kampuni inawalipa watengenezaji, unapata chini ya dola 3. Na ili ufike kwenye kima cha Robux 30,000 unahitaji wateja 43 wa namna hiyo. Ukifika, malipo yako ya kwanza ni dola 100 na kidogo.

Hatusemi ni kidogo. Kijana aliyepata dola 100 kwa kazi ya mikono yake anastahili pongezi. Tunasema ujue hesabu kabla ya kuanza, kama mkulima anavyojua bei ya gunia na gharama ya lori kabla ya kupeleka mahindi mnadani.

Kwenye Second Life sarafu inabadilishwa kwenye soko la kampuni yenyewe, na kwa miaka mingi dola moja ya Marekani imekuwa takriban dola 250 za Linden. Mtu akikwambia amepata "elfu tano kwa usiku mmoja", muulize elfu tano za wapi. Elfu tano za Linden ni kama dola 20 za Marekani.

Kuna na hatua ya mwisho ambayo wengi huisahau: fedha itafikaje kwenye simu yako? Kampuni hizi hulipa kupitia benki au huduma za mtandaoni kama PayPal. Nchini Kenya, tangu mwaka 2018 imewezekana kuhamisha fedha kutoka PayPal kwenda M-Pesa. Kwingine akaunti ya PayPal inaweza kulipa lakini isipokee. Uliza jambo hili kabla hujaanza kazi, usisubiri siku ya malipo.

Ardhi isiyo na udongo ni ya nani?

Ndiyo, ardhi ya dunia pepe inauzwa kweli. Mwaka 2006 jarida la BusinessWeek la Marekani lilimweka kwenye jalada lake Anshe Chung, avata ya Ailin Graef, mama aliyekuwa akiishi Ujerumani. Alikuwa akinunua maeneo makubwa ndani ya Second Life, anayapanga vizuri, kisha anayakata vipande na kuwauzia au kuwapangisha wengine. Mwishoni mwa mwaka huo alitangaza kwamba mali zake humo zimefika thamani ya dola milioni moja. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima na kuwavuta wengi.

Lakini tazama inavyofanya kazi. Eneo moja zima la Second Life ni mita 256 kwa 256, sawa na ekari 16 hivi. Mwenye eneo lake binafsi la ukubwa huo hulipa kampuni zaidi ya dola 200 kila mwezi, mwezi hata mwezi. Ukiacha kulipa, eneo linachukuliwa. Kwa Kiswahili cha kijijini, hapo hujanunua shamba, umekodi. Hata anayeuza kwa faida anafanya kazi ya dalali na mwenye nyumba: anatafuta wapangaji, anawahudumia, anabeba hasara vyumba vikikaa wazi.

Jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 2006 mwanasheria mmoja wa Pennsylvania, Marekani, aliishtaki Linden Lab baada ya kampuni kumfungia akaunti na kumnyang'anya ardhi yake ya Second Life. Kampuni ilisema aliipata ardhi kwa njia isiyo halali. Kesi iliisha mwaka 2007 kwa pande mbili kuelewana, bila mahakama kutoa hukumu juu ya nani hasa ni mwenye ardhi. Somo lilibaki wazi kwa kila mtumiaji: kampuni ikizima swichi, kiwanja chako kimezimika nacho.

Kisha zikaja dunia pepe zinazotumia sarafu za kidijitali. Decentraland ilifunguliwa kwa umma Februari 2020. Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ilibadili jina na kuwa Meta, na kila mtu akawa anazungumzia ardhi ya mtandaoni. Novemba mwaka huohuo eneo moja ndani ya Decentraland liliuzwa kwa thamani ya takriban dola milioni 2.4. Sarafu ya humo, MANA, ilipanda mwezi huo hadi zaidi ya dola 5. Mwaka mmoja baadaye, mwisho wa 2022, ilikuwa chini ya nusu dola. Aliyenunua kwa bei ya juu hakupata wa kumwuzia. Na kwa wasikilizaji wetu wa Tanzania, kumbukeni kwamba Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa sarafu za aina hii si fedha halali za malipo nchini.

Benki iliyoanguka bila kuwa na jengo

Wasikilizaji waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI na ile habari ya "kupanda mbegu" uvune zaidi ya ulichopanda. Walichovuna wengi ni machozi. Ndani ya Second Life jambo kama hilo lilikuwa limeshatokea miaka miwili kabla.

Kulikuwa na "benki" iitwayo Ginko Financial. Haikuwa na leseni ya serikali yoyote. Mwenyewe alijulikana kwa jina la avata yake. Iliahidi riba ya zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka, na watu wakaweka. Julai 2007 Linden Lab ilipiga marufuku kamari ndani ya Second Life. Watu wakaingiwa na hofu, wakakimbilia kutoa fedha zao kwa pamoja, na fedha hazikuwepo. Agosti benki ikafa. Hasara ilikadiriwa kuwa sawa na dola 750,000 za Marekani. Januari 2008 kampuni ikapiga marufuku mtu yeyote kuendesha benki au kuahidi riba humo bila leseni halisi ya nchi.

Avata ilikuwa mpya, lakini ujanja ulikuwa wa zamani. Anayekuahidi faida kubwa kwa kuweka fedha tu, bila kuuza chochote wala kufanya kazi yoyote, anakulipa kwa fedha ya anayekuja nyuma yako. Siku wanaokuja wakiisha, wa mwisho ndiye anayelia.

Dunia nazo hufungwa

Google ilifungua dunia pepe yake, Lively, Julai 2008 na kuifunga siku ya mwisho ya mwaka huohuo. Haikumaliza hata miezi sita. Microsoft iliifunga AltspaceVR tarehe 10 Machi 2023. Hizi si kampuni ndogo. Hata hivyo zilifunga, na vyote watu walivyojenga humo vikaondoka. Kwa hiyo usiweke akiba ya ada ya mtoto au ya msimu wa kilimo ndani ya dunia pepe. Kazi zako nazo, kama picha na michoro, hifadhi nakala nje, kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu.

Kwa anayetaka kutengeneza na kuuza

Kijana mwenye nia hatumvunji moyo. Tunamwambia aanze hivi:

1. Anza bila kutoa fedha. Programu ya Roblox Studio, inayotumika kutengeneza michezo, ni ya bure. Programu ya Blender, ya kuchora vitu vyenye umbo, ni ya bure pia. Anayekutoza "kiingilio" ili akupe programu hizi anakuuzia maji ya mtoni.

2. Jua kwamba simu haitoshi. Kwenye simu unaweza kucheza Roblox, lakini Roblox Studio inahitaji kompyuta. Kama huna, unganeni vijana wanne au watano, ombeni muda kwenye kompyuta za shule au kituo cha mafunzo kilicho karibu. Kompyuta moja inayotumiwa kwa zamu inatosha kujifunzia.

3. Chagua kitu kimoja. Mmoja achore nguo, mmoja ajenge majengo, mmoja ajifunze kuandika maelekezo ya kompyuta kwa lugha ya Lua, ambayo ndiyo msingi wa michezo ya Roblox. Ujuzi huo unabaki kichwani hata dunia yenyewe ikifungwa.

4. Tengeneza kile unachokijua. Mchezo uliovunja rekodi mwaka 2025 ulikuwa wa kupanda na kuvuna. Wewe unajua mnada wa ng'ombe, gulio, ngalawa na msimu wa korosho kuliko kijana wa California.

5. Usiibe kazi ya mtu. Kunakili mchoro wa mwingine na kuuuza kunaweza kukufungia akaunti pamoja na fedha zilizomo.

6. Jipe muda bila kutegemea kipato. Endelea na shughuli yako nyingine. Walio wengi kwenye majukwaa haya hawafikii kima cha kulipwa.

Kwa mzazi na mlezi

Mtoto anayecheza Roblox kwenye simu yako yumo kwenye uwanja mmoja na watu asiowajua, wakubwa kwa wadogo. Agosti 2024 Uturuki iliifungia Roblox nchini humo kwa hoja ya usalama wa watoto. Novemba mwaka huohuo kampuni ilibadili utaratibu ili mtoto wa chini ya miaka 13 asitumiane ujumbe wa faragha nje ya michezo bila ruhusa ya mzazi. Lakini ulinzi huo ulitegemea umri ulioandikwa kwenye akaunti kuwa wa kweli. Kwa hiyo:

- Kaa na mtoto mnapofungua akaunti, mwandike umri wake halisi.
- Mwambie asimpe mtu jina lake kamili, jina la shule, kijiji, picha wala namba ya simu.
- Mtu akimwambia "tuhamie WhatsApp" au "usimwambie mama", aje akwambie siku hiyohiyo. Asiogope kupigwa. Mtoto anayeogopa kupigwa ndiye anayeficha.
- Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au huduma nyingine yoyote isijulikane na mtoto, na isiandikwe ndani ya mchezo wowote.
- Hakuna Robux za bure. Kila tovuti inayoahidi hivyo inawinda nywila yako.

Ukiona dalili kwamba mtoto anatishwa au anaombwa picha, piga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, Tanzania na Kenya. Ni bure. Kwa Tanzania, ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040.

Kuhusu bando

Michezo hii hula bando hata ukiwa umesimama tu, kwa sababu simu inawasiliana na seva muda wote. Shusha programu na masasisho yake ukiwa kwenye Wi-Fi au kwa bando la usiku. Punguza ubora wa picha kwenye mipangilio ya mchezo. Itasaidia simu isipate moto haraka. Weka kikomo cha matumizi kwenye mipangilio ya simu, usije ukaamka asubuhi huna hata salio la kumpigia wakala wa pembejeo.

Maswali matano kabla ya kutoa hata shilingi

1. Namlipa nani: kampuni yenyewe kupitia programu yake rasmi, au namba ya mtu binafsi?
2. Kinachonipa faida ni kitu nitakachotengeneza na kuuza, au ni kuingiza watu wengine?
3. Fedha yangu itatokaje, kwa kima gani, na itafika kwenye simu yangu kwa njia ipi?
4. Nikiacha kulipa, au kampuni ikifunga, nabaki na nini mkononi?
5. Fedha hii ikipotea yote leo, nyumbani tutakula?

Swali moja tu likikosa jibu la kueleweka, fedha ibaki mfukoni.

Jibu letu kwa mama

Mama, pole kwa kusubiri. Mtu anayemwomba kijana wako kiingilio kwa namba binafsi ameanguka kwenye swali la kwanza, na kwa alivyotueleza kijana, ameanguka kwenye la pili pia, maana anatakiwa kuleta na wenzake watatu. Mbuzi wabaki zizini. Lakini usimfukuze kijana wala kumcheka. Mwambie aende akaombe muda kwenye kompyuta, aonyeshe kwa miezi mitatu alichotengeneza. Kama kipo cha kuonyesha, hapo kaeni muongee kuhusu bando. Na kikipatikana kitu chake cha kwanza, atuletee namba ya mchezo huo, tutautaja hewani.

Wewe msikilizaji, kama umeingizwa kwenye kundi la namna hiyo, tuandikie kwa namba zetu za kawaida za kipindi. Jina lako hatutalitaja.